Kifuniko cha Pikapu Ambacho Mtu Mmoja Aweza Kukifunga Mvuani

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Pikapu ni gari lenye nusu mbili zisizofanana. Nusu ya mbele ni nyumba: ina paa, vioo na viti. Nusu ya nyuma ni ua: haina paa, na chochote kiwekwacho humo hupigwa na jua, vumbi na mvua. Kwa mtu achukuaye mchanga au matofali jambo hilo si kitu. Bali kwa mtu achukuaye unga, saruji, vitabu au vifaranga, ua usio na paa ni hasara. Ndiyo sababu watu wa nchi nyingi wamebuni vifuniko vya kufunikia bodi ya nyuma. Katika makala hii nataka kueleza vifuniko hivyo vimeundwaje, kwa nini vingi vyao ni vigumu kuvitumia, na jinsi hesabu chache za Fizikia, zile za Kidato cha Pili, zilivyonionyesha njia ambayo naamini yafaa kwa pikapu ya shule yetu.

Wasomaji wa hapa shuleni wanajua kwa nini nimechagua habari hii. Masika iliyopita magunia mawili ya unga yalilowa njiani kutoka mashineni, tukala ugali wenye harufu kwa siku kadhaa. Mabwenini ilisemwa kwamba dereva ni mvivu, kwamba turubai lilikuwamo garini naye hakulifunga. Mimi sikuridhika na maneno hayo. Niliomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, nikafuatana na gari Jumamosi mbili, mkononi nikiwa na saa na daftari.

Niliyoyaona ni haya. Turubai letu lina pete 16 pembeni, na kila pete ina kamba yake. Kufungua kulichukua dakika 4. Kufunga kulichukua dakika 9, na siku hizo zote mbili hapakuwa na mvua wala upepo. Ili kufunga, dereva alizunguka gari mara tatu, akapanda juu ya gurudumu mara mbili, na mara moja turubai likamtoka mkononi upande wa kulia alipokuwa akikaza upande wa kushoto. Nilipomwambia, "Pole Mzee, kazi hii ni nzito," alinijibu: "Mwanangu, kufungua ni kazi ya mikono miwili. Kufunga ni kazi ya mikono minne, na mimi Mungu kanipa hii unayoiona."

Basi maneno hayo ya mzee ndiyo mzizi wa makala yangu. Watu wakitazama kifuniko hutazama kinavyofunguka. Lakini ugumu uko katika kufunga, maana kufungua hufanywa mtu akiwa amekwisha fika, amepumzika, na mara nyingi wapo wa kumsaidia. Kufunga hufanywa wakati wingu limekwisha kuwa jeusi, mtu yuko peke yake, na mkono mmoja umeshika funguo. Kifuniko kinachohitaji dakika 9 hakitafungwa wakati mvua iko dakika 5 mbele, hata dereva awe hodari namna gani.

Tutazame kwanza wenzetu walivyofanya. Pikapu ya kwanza ya kampuni ya Ford iliyotoka kiwandani ikiwa kamili iliuzwa huko Marekani mwaka 1925. Ilikuwa gari la Model T lililotiwa sanduku la mizigo nyuma, na bei yake ilikuwa dola 281. Kabla ya hapo mara nyingi mtu alinunua gari, kisha akatafuta seremala wa kumtengenezea bodi. Huko Australia inasimuliwa kwamba mke wa mkulima aliiandikia kampuni hiyo barua, akaomba gari moja la kumpeleka kanisani Jumapili bila kulowa, na siku ya Jumatatu lipeleke nguruwe sokoni. Mhandisi Lewis Bandt, aliyekuwa katika mji wa Geelong, akachora gari la namna hiyo, nalo likaanza kuuzwa mwaka 1934. Napenda kisa hiki kwa kuwa ombi lilitoka kwa mtumiaji. Hata hivyo mama yule hakuombea nguruwe paa, na mpaka leo pikapu nyingi hutoka kiwandani ua ukiwa wazi. Hilux ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1968, ilikuwa hivyo hivyo.

Vifuniko vinavyouzwa Marekani, ambako pikapu ni nyingi mno, ni vya namna nne hivi. Ya kwanza ni kitambaa kizito cha plastiki kinachobanwa kwa vifungo pembeni, kama vifungo vya koti. Ni rahisi kwa bei, lakini wakati wa baridi kitambaa hujikunyata na vifungo havifikiani. Ya pili hukunjwa kama mkeka kuelekea kichwa cha gari. Ya tatu ni mbao au vipande vya alumini vilivyoungwa kwa bawaba, hukunjwa mara mbili na kulala juu ya kipande cha mbele. Ya nne hujivuta na kuingia katika sanduku lililoko mbele ya bodi. Hii ni nzuri, lakini ni ghali, na sanduku hilo hula nafasi ya mizigo.

Sisi watu wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kushangaa mambo haya. Mkeka ukikunjwa asubuhi na kuegeshwa ukutani ni namna ya pili. Tena, aliyepata kufika Unguja ameona milango ya maduka ya zamani ya Wahindi, iliyogawanywa vipande virefu vyembamba na kuungwa kwa bawaba, ambayo asubuhi hukunjwa kipande juu ya kipande mpaka duka lote likawa wazi. Fundi aliyebuni milango ile alijua jambo moja kubwa: kitu kipana kikigawanywa, mtu mmoja hukimudu. Nitairudia milango hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyonipa jibu.

Mwanzoni nilidhani namna ya tatu, ile ya vipande vitatu, ndiyo itufaayo, maana mbao tunazo na fundi tunaye. Nilipima bodi ya pikapu yetu. Urefu wake ni meta 2.3, upana meta 1.5, na ukingo wake uko meta 1.25 kutoka ardhini. Plaiwudi ina uzito wa karibu kilo 600 kwa kila meta ya ujazo. Basi kifuniko cha plaiwudi ya milimeta 12 kitakuwa na uzito wa kilo 25 hivi, na kila kipande cha tatu yake kilo 8 na theluthi. Hakuna mtu mzima asiyeweza kuinua kilo 8. Kwa hesabu hiyo kazi ilionekana imekwisha.

Lakini hebu msomaji ujaribu jambo hili mwenyewe, nalo halihitaji gharama. Chukua vipande vitatu vya katoni nene vilivyo sawa, vipange kwa mstari vikigusana, na uviunge juu kwa utepe wa gundi. Kunja cha kwanza juu ya cha pili. Kitalala vizuri. Sasa vichukue hivyo viwili kwa pamoja uvikunje juu ya cha tatu. Havilali! Hubaki vimeachama kama mdomo wa mamba, na ukilazimisha, utepe hung'oka. Sababu yake ni kwamba kipande cha kwanza sasa kiko katikati ya cha pili na cha tatu, nacho kina unene wake, na bawaba ya pili haikuachiwa nafasi ya unene huo. Dawa yake ni kuacha mwanya kati ya kipande cha pili na cha tatu ulio sawa na unene wa kipande kimoja, na kuuziba mwanya huo kwa ukanda wa turubai. Mafundi wanaonakili vifuniko hivi kwa kutazama picha wajihadhari hapo. Bawaba mbili zinafanana kwa macho, lakini hazifanyi kazi sawa.

Hilo ni la fundi. La mtumiaji ni zito zaidi.

Mtu akisimama nyuma ya gari, mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, huinua kipande cha kwanza na kukisukuma mbele mpaka kilale juu ya cha pili. Ukingo aliokuwa ameushika sasa uko mbali naye zaidi ya meta 1.5. Akikunja mara ya pili, ukingo wa mkunjo wa kwanza umefika kwenye kichwa cha gari, meta 2.3 kutoka aliposimama. Kufungua kumekwisha, na mtu atasifu. Sasa mvua inakuja. Ataushikaje ukingo ule? Akienda ubavuni ataufikia, lakini atakuwa ameushika kwenye kona moja tu, na kifuniko cha upana wa meta 1.5 kikiinuliwa kwa kona hupinda na kuvunja bawaba. Hapo ndipo inapotakiwa mikono minne ya mzee wetu, miwili kila ubavu.

Wengine watasema, "Tia mkanda katikati ya ukingo, auvute akiwa nyuma." Nami nilisema hivyo, kisha nikapiga hesabu. (Walimu wa Fizikia watanisamehe nikipima nguvu kwa kilo badala ya Newton, napenda mama mpishi naye aelewe, maana mara nyingi ndiye anayepokea mizigo.) Jaribu kufunga mlango kwa kuusukuma kwenye ukingo wake kuelekea bawaba zake. Hautasogea hata ukisukuma kwa nguvu zako zote, kwa sababu nguvu inayoelekea kwenye bawaba haizungushi kitu. Kinachozungusha ni nguvu ikizidishwa na umbali wa mstari wake kutoka kwenye bawaba, na umbali huo hupimwa kwa pembe mraba. Sasa mkanda unaovutwa kutoka nyuma ya gari hulala karibu sambamba na kifuniko chenyewe, kwa hiyo mstari wake hupita karibu sana na bawaba.

Mama mpishi akiinua mkono juu kidogo ya kichwa hufika meta 1.8. Hiyo ni sentimeta 55 juu ya ukingo wa bodi. Kutoka mkononi mwake mpaka ukingo ulioko mbele, meta 2.3 kwa usawa, mkanda utakuwa na mwinamo wa nyuzi 13 na nusu tu. Umbali wa mstari wake kutoka kwenye bawaba ni sentimeta 18. Vipande viwili vilivyolaliana vina kilo 16 na theluthi mbili, na kiini cha uzito wao kiko sentimeta 38 na nusu kutoka kwenye bawaba. Ukigawanya, utapata kwamba lazima avute kwa nguvu ya kilo 36, mikono ikiwa juu ya kichwa! Hiyo ni karibu robo tatu ya mfuko wa saruji. Kitu chenye vipande vya kilo 8 kimegeuka kuwa cha kilo 36, na hakuna aliyeongeza ubao hata mmoja.

Nilipofika hapo niliacha hesabu kwa juma zima, maana kulikuwa na mitihani ya majaribio. Kisha siku moja nikaikumbuka ile milango ya Unguja. Milango ile haikunjwi kuelekea mwisho wa duka mahali ambapo mwenye duka hafiki. Hukunjwa kulia na kushoto, na kila wakati ukingo wake uko mbele ya mkono wake. Nikajiuliza: kwa nini kifuniko cha pikapu kikunjwe kwa urefu wa gari? Upana wa bodi ni meta 1.5 tu. Mtu akisimama ubavuni, katikati ya bodi iko sentimeta 75 kutoka kwake.

Basi kifuniko ninachokipendekeza kina mabawa mawili. Kila bawa ni refu kama bodi, na upana wake ni nusu ya bodi. Limeungwa kwa bawaba tatu kwenye ukingo wa ubavu, nalo hufunguka kutoka katikati, likageuka nje na kuning'inia ubavuni mwa gari, mithili ya dirisha la mbao. Ncha yake ya chini inakuwa nusu meta kutoka ardhini, kwa hiyo haigusi chini. Na linapotakiwa kufungwa, ukingo wa kushika unaning'inia karibu na goti la mtu. Halazimiki kuparamia gurudumu. Huinua, na bawa linapofika usawa wa bawaba ndipo lilipo zito kuliko mahali pengine pote: mkononi ni kilo 6 na robo. Likiisha kupita hapo huwa jepesi, na mtu hulisindikiza mpaka lilale.

Na kufungua je? Hapo ndipo mkanda utafaa. Mkono ule ule wa meta 1.8, lakini ukingo sasa uko sentimeta 75 tu kutoka kwa mtu, si meta 2.3. Mwinamo wa mkanda unakuwa nyuzi 36, umbali wake kutoka kwenye bawaba sentimeta 44, na nguvu inayotakiwa ni kilo 10 na nusu. Ni kama nusu ya ndoo ya lita 20. Tukitumia plaiwudi nyembamba ya milimeta 4 juu ya fremu nyepesi ya mbao, kifuniko chote kitashuka hadi kilo 13 kwa makisio yangu, na mkanda utavutwa kwa kilo 5 na nusu. Mtoto wa Kidato cha Kwanza ataweza.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitafuta, nayo ilinifurahisha kuliko zote. Mabawa mawili yanayokutana katikati yaweza kuinuliwa kidogo pale yanapokutana, sentimeta 10 hivi, yakafanya mgongo wa tembo kama paa la nyumba. Kifuniko bapa ni adui wa mwenyewe. Mvua ya milimeta 20, ambayo si ajabu hapa kwetu katika saa moja ya masika, ikinyesha juu ya bodi yetu ni lita 69 za maji, na turubai lililolegea katikati huyakusanya kama karai. Mgongo wa tembo huyamwaga ubavuni yanapoanguka. Maji hayo yatapita juu ya bawaba, kwa hiyo pahitaji ukanda wa turubai la lori uliopigiliwa juu ya bawa na kushuka nje ya ukingo, urefu wote. Bawaba zibebe uzito, na ukanda uzuie maji. Nisingependa kazi hizo mbili zipewe kitu kimoja.

Pale katikati, bawa moja liwe na mdomo wa sentimeta tano unaolalia bawa la pili. Hapo utaratibu unapatikana wenyewe: bawa lenye mdomo hufungwa mwisho, nalo hulikandamiza lenzake, hivyo makomeo ni mawili tu kwa kifuniko kizima, moja mbele na moja nyuma. Na bawa hilo lazima liwe la kushoto. Katika nchi yetu magari hupita kushoto, basi gari likisimama kando ya barabara, kushoto ndiko kuliko salama. Mtu afungue bawa la kushoto, atoe gunia lake, alifunge, bila kusimama njiani mwa mabasi na bila kuligusa bawa la kulia. Zile kamba 16 zimekuwa makomeo mawili, na kuzunguka gari mara tatu kumekuwa kusimama mahali pamoja.

Makomeo hayo yasiwe ya mchezo. Gari likienda kilometa 80 kwa saa, hewa hupita juu ya kifuniko kwa meta 22 kila sekunde, na hewa iendayo kasi hukandamiza kidogo kuliko ile iliyotulia ndani ya bodi. Ndiyo sababu turubai huvimba juu gari likienda. Huku kwetu milimani meta moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo moja hivi. Nguvu yote ya kasi hiyo juu ya eneo la kifuniko chetu ni zaidi ya Newton 800. Tukichukua nusu yake tu, kifuniko huinuliwa kwa nguvu ya kilo 40 na zaidi. Kifuniko chetu hakifiki uzito huo. Dereva akizidisha mwendo mara mbili, nguvu hiyo huwa mara nne, ingawa mzee wetu haendi mwendo huo, na barabara yenyewe haimruhusu.

Juu ya vumbi nitasema maneno machache. Watu hudhani vumbi huingia kwa juu. Mengi ya vumbi huingia kwa nyuma, kwa sababu gari liendalo huacha nyuma yake mahali ambapo hewa imepungua, na vumbi lililotimuliwa na magurudumu huvutwa pale, likapenya katika nyufa za mlango wa nyuma. Kwa hiyo mpira wa tyubu ya zamani ukizungushwa kwenye nyufa hizo utafanya kazi kuliko kifuniko cha bei kubwa kisicho na mpira huo.

Si haki kusifu bila kutaja upungufu. Kifuniko cha mabawa hakifai siku ya kubeba nguzo, kabati au magodoro yanayozidi ukingo wa bodi, maana gari haliwezi kwenda barabarani mabawa yakining'inia ubavuni. Yangemgonga mpita njia. Siku hiyo kile cha vipande vitatu kingeshinda, kwa kuwa hukunjwa na kubaki garini. Kwa mabawa, nimeona tutumie bawaba zenye pini ya kuchomolewa, ili bawa litolewe zima na kuachwa stoo. Kwa kutazama daftari la safari, ambalo mzee alinionyesha kwa hisani yake, mizigo mirefu hubebwa siku chache sana katika muhula. Unga, maharage na mboga hubebwa kila juma. Tena, gari likiegeshwa karibu na ukuta, bawa la upande huo halifunguki. Na asithubutu mtu kukaa juu ya plaiwudi ya milimeta 4. Nalisema hili mapema kwa sababu ninawajua wenzangu wa timu ya mpira.

Nimetengeneza kielelezo cha kifuniko hiki kwa kipimo cha moja kwa kumi, sentimeta 23 kwa 15, nacho kiko katika maabara ya Fizikia juu ya meza ya dirishani. Kimetengenezwa kwa mbao za sanduku la matunda, vipande vya turubai, na bawaba nilizokata kwenye mkebe wa maziwa. Mzee dereva amekitazama. Alikifunga na kukifungua mara nyingi bila kusema neno, kisha akaniuliza kama mkanda unaweza kuwekwa mbele kidogo ya katikati, kwa kuwa yeye husimama karibu na mlango wake na si katikati ya bodi. Nimeusogeza. Fundi wa shule amesema kwa mbao na turubai tulizonazo kitakachonunuliwa ni bawaba, makomeo, rangi na misumari, na Mkuu wa Shule ameiweka habari hiyo katika mambo ya kikao kijacho cha walimu.

Tumekimwagia maji kwa kopo la kunyunyizia mara sita, tukiwa tumeweka karatasi ya kunyonya wino ndani yake. Katikati hapakulowa. Ubavuni hapakulowa. Lakini katika kona mbili za mbele, pale mgongo wa tembo unapokutana na ukuta wa kichwa cha gari, karatasi hulowa kila mara, hata nikizidisha turubai. Nikikaza ukanda wa pale, bawa halifunguki vizuri. Nikiulegeza, maji huingia. Msomaji yeyote, awe mwanafunzi, mwalimu au mzazi aliyewahi kuezeka paa lililopakana na ukuta, akiwa na njia ya kuziba kona hiyo bila kuzuia bawa kugeuka, naomba aje maabara siku yoyote baada ya saa kumi, au anipelekee mchoro kwa mhariri kabla ya mtihani wetu wa Novemba.